Ndege Haogi, Maji Yanaoza, Manyoya Yamechakaa: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Malalamiko ya watu wanaofuga ndege, na ya wale wanaowawekea ndege wa porini maji uani, hujirudia. Ndege hawaligusi beseni, maji yanageuka kijani, manyoya yamefifia, ndege anajikuna usiku kucha, au asubuhi amekutwa mmoja amekufa kando ya maji. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, kisha vile vya nadra. Msomaji aanze na ukaguzi rahisi, hata kama moyo unamwambia kwamba tatizo ni kubwa, kwa sababu mara nyingi huishia kwenye brashi na maji mapya.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, ni vizuri kufahamu maji yanamfanyia ndege kazi gani. Okota unyoya wa bawa ulioanguka, uuinue kwenye mwanga. Utaona uti katikati na nyuzi nyembamba pande zote mbili, zimeshikana kama kitambaa kilichofumwa. Zitenganishe kwa ukucha, na pengo litafunguka. Kisha upitishe unyoya huo taratibu katikati ya vidole viwili, kutoka shinani kuelekea nchani, na pengo litajifunga kama zipu. Linalojifunga hapo ni vikulabu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo vumbi, jasho la mikono yetu, moshi na mabaki ya chakula huvizuia visishikane. Maji hulegeza uchafu huo, hulainisha nyuzi zilizopinda zirudi katika umbo lake, na humwandaa ndege kwa kazi inayofuata, yaani kujichana kwa mdomo na kupaka mafuta kutoka kwenye tezi iliyo juu ya shina la mkia. Ndege asiyeoga hupoteza zaidi ya uzuri. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa kwezi wa Ulaya, wakaona kwamba kwezi walionyimwa maji ya kuogea waligonga kamba nyingi zaidi, kati ya zile zilizotundikwa njiani mwao kama vizuizi, walipokuwa wakiruka kukimbia hatari kuliko wenzao waliooga. Kwa ndege wa porini, kosa dogo la namna hiyo linatosha kumtia makuchani mwa adui.

Ndege huyo huyo anayeoga katika beseni hulinywea maji, na mara nyingi huliachia kinyesi. Kwa hiyo maji machafu ya kuogea yana hatari kuliko kukosa maji kabisa, na mtu asiyeweza kuyabadilisha mara kwa mara ni heri asiyaweke.

Dalili: maji yapo, lakini ndege hawaogi

Chanzo kikuu ni kina. Watu hununua chombo kirefu kinachopendeza machoni mwao, wakakijaza hadi ukingoni, na ndege mdogo akikitazama anaona kisima. Chukua rula ukipime: ndege wadogo kama chiriku na shomoro wanahitaji kama sentimita 2 au 3 ukingoni, na kwa kawaida zisizidi 5 katikati, huku sakafu ya chombo ikishuka polepole. Njiwa hufurahia sentimita 8 hadi 10. Ikiwa huna chombo kingine, weka mawe bapa ndani yake ili ndege apate pa kusimama na kuchagua kina anachokitaka.

Cha pili ni utelezi. Sakafu ya kauri au ya plastiki laini haishikiki kwa kucha, na ndege aliyeteleza mara moja hasahau. Mawe yale yale bapa, au changarawe safi, yatatatua jambo hilo.

Baada ya hapo angalia mahali. Ndege aliyeloa huruka kwa shida, naye anajua. Hataingia majini ikiwa kichaka kizito kinachoweza kumficha paka kiko hatua moja tu kutoka hapo. Sogeza beseni mita 2 hadi 3 mbali na vichaka, lakini pawepo tawi karibu la kukimbilia na kujikausha. Liondoe pia mbele ya dirisha la kioo, kwani ndege aliyeshtuka hukiona kioo kama anga tupu na kujigonga nacho. Ukimaliza yote hayo, subiri. Chombo kipya huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya ndege wa porini kukiamini, na kukihamisha kila siku huwarudisha mwanzo.

Kwa ndege wa kizimbani, jaribu aina nyingine ya kuoga kabla ya kuamua kwamba hapendi maji. Wapo wanaoingia kwenye bakuli, wapo wanaotaka mvua nyepesi kutoka kwenye chupa ya kunyunyizia, na wapo wanaojisugua kwenye majani mabichi yaliyoloweshwa. Nyunyiza juu ya ndege, ili matone yamshukie, wala usimlenge usoni. Maji yawe ya kawaida au vuguvugu, wakati uwe asubuhi au mchana ili akauke kabla ya usiku, na usimtumbukize kwa nguvu kwa hali yoyote ile, kwa kuwa ndege aliyelazimishwa huishia kumwogopa anayemfuga pamoja na maji yenyewe.

Kuna jambo moja linalosahaulika: kuku na kware hawaogi kwa maji, wanaoga vumbi. Ukiona kuku wako wanalipita beseni na kwenda kujigaragaza kwenye udongo mkavu, hakuna kilichoharibika. Wape mchanga mkavu na safi, na maji yawe ya kunywa.

*Acha kujaribu na umwite daktari wa mifugo* endapo ndege aliyekuwa akioga kila siku ameacha ghafla, amevimbisha manyoya, anakaa sakafuni mwa kizimba, au mkia wake unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Ndege huficha ugonjwa hadi nguvu zinapomwishia, na dalili zikishaonekana wazi, muda uliobaki ni mchache.

Dalili: maji yanachafuka na kuwa ya kijani ndani ya siku chache

Tia kidole ndani ya beseni, uguse ukuta wake chini ya usawa wa maji. Ukihisi utelezi kama wa bamia, umeshapata jibu la kwanza: maji yanabadilishwa lakini chombo hakisuguliwi. Utelezi huo ni utando wa vijidudu na mwani vilivyojishikiza kwenye ukuta, na kila unapomwaga maji mapya juu yake unavipa uhai mpya. Makosa ya namna hii ni mengi hasa kwa wale wanaoongeza maji juu ya maji. Beseni huonekana limejaa na limetulia, kumbe chini kuna mabaki ya wiki mbili. Mwaga maji yote, sugua kwa brashi ngumu hadi kidole kisiteleze, suuza, kisha ndipo ujaze. Fanya hivyo kila siku wakati wa joto au ndege wanapokuwa wengi, na usipitishe siku 2 hata wakati wa baridi.

Ikiwa unasugua na bado maji yanachafuka, tazama juu ya beseni. Je, kuna tawi, waya au kijiti wanakotulia? Je, chombo cha nafaka kiko karibu kiasi cha maganda kupeperukia majini? Kinyesi na chakula ndivyo mbolea ya mwani, na kuhamisha beseni hatua chache kunaweza kufanya kazi ambayo dawa haiwezi. Ndani ya kizimba kosa ni lile lile: bakuli limewekwa chini ya kijiti cha kulalia. Lisogeze upande wa pili, au uliweke kwa saa moja tu ya kuoga na kuliondoa, huku maji ya kunywa yakiwa kwenye chombo chake.

Jua la moja kwa moja ni chanzo kinachofuata. Mwani unahitaji mwanga, na maji ya kina kifupi hupata joto upesi. Kivuli cha mchana hupunguza yote mawili. La mwisho, na la nadra, ni nyufa. Beseni la zege au la udongo likipasuka huhifadhi uchafu mahali ambapo brashi haifiki, nalo halitasafika hata ukilisugua mpaka mikono iume. Zizibe nyufa hizo au ulibadilishe.

Usafi wa kina ufanywe mara moja kwa wiki, au zaidi pale ndege ni wengi. Kwa madoa ya chumvi na mwani wa kawaida, tumia sehemu 1 ya siki kwa sehemu 9 za maji. Pale unaposhuku ugonjwa, tumia sehemu 1 ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwa sehemu 9 za maji, acha dakika 10, sugua, suuza mara kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, kisha uache chombo kikauke juani. Ukaushaji huo usirukwe, kwa kuwa baadhi ya vimelea vinavyohimili maji haviwezi kustahimili ukavu.

*Onyo:* siki na klorini visitumike pamoja, wala klorini isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwa sababu gesi inayotoka ni sumu kwa mtu na humuua ndege upesi zaidi. Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika. Wahamishie ndege wa kizimbani chumba kingine kabla ya kufungua chupa. Usitie ndani ya maji dawa ya kuua mwani, wala sarafu za shaba kama wengine wanavyoshauriana, maana shaba ikizidi ni sumu.

Dalili: viluwiluwi vya mbu vinacheza majini

Hapa chanzo ni kimoja tu: maji yamekaa. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kidogo, kulingana na joto, hadi mbu kuruka. Ukimwaga maji yote kila baada ya siku 2 hakuna kiluwiluwi kitakachofikia kuota mabawa. Yamwage kwenye ardhi kavu, si kwenye mtaro wenye maji, na usugue ukingo ambako mayai hushikamana. Dawa ya kuua wadudu isikaribie maji haya.

Dalili: manyoya yamefifia, yamechanuka, au hayazuii maji tena

Kwanza hakikisha kwamba hutazami jambo la kawaida. Ndege hubadilisha manyoya kwa msimu, na katika wiki hizo huonekana amechakaa, ana vijiti vidogo vyenye ganda jeupe kichwani na shingoni. Vijiti hivyo ni manyoya machanga, na maji ya kuoga humsaidia kulainisha maganda yake. Vilevile kasuku wa kijivu, kakatuu na njiwa hutoa ungaunga mweupe unaotoka kwenye manyoya maalumu. Ukiuona ukielea juu ya maji kama vumbi la unga, huo ni utaratibu wa maumbile yao. Kwa ndege hawa kuoga kuna faida ya pili, kwamba hupunguza ungaunga unaoelea chumbani na kumkera anayeishi nao.

Ikiwa si msimu wa kubadilisha manyoya, chanzo cha kawaida ni kukosa kuoga. Mpe nafasi ya kuoga kila siku, au angalau mara 2 hadi 3 kwa wiki, umtazame anachofanya baada ya hapo. Ndege mwenye afya hujikung'uta, huketi mahali palipo na mwanga, kisha huanza kazi: anapeleka mdomo shinani mwa mkia, anausugua pale kwenye tezi, anaupitisha unyoya mmoja mmoja, na kichwa, ambacho mdomo haukifikii, anakisugua mgongoni. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, na mfugaji asimkatize.

Chanzo cha pili huletwa na mfugaji mwenyewe kwa nia njema. Sabuni, shampuu ya watoto na mafuta ya nazi vimewaharibia ndege wengi manyoya. Sabuni huondoa mafuta ya asili na kuyafanya maji yapenye hadi ngozini. Mafuta ya kupaka huzigandanisha nyuzi nilizozieleza mwanzoni, na ndege hushindwa kuutunza ule ukuta wa hewa unaomhifadhia joto la mwili, ambalo kwa ndege wengi ni kati ya nyuzi 40 na 42 za Selsiasi. Maji matupu yanatosha. Moshi wa tumbaku na mvuke wa mafuta ya kukaangia nao hutua juu ya manyoya, na hapo ni kizimba kinachopaswa kuhamishwa.

Bata wana tatizo lao, na linaniumiza kila nikiliona. Bata aliyefugwa na kikombe cha kunywea tu, bila maji ya kutumbukiza hata kichwa, hushindwa kusafisha macho na pua, huacha kujipaka mafuta ipasavyo, na manyoya yake hupoteza uwezo wa kuzuia maji. Siku akipata bwawa huloa kama kitambaa, huanza kuzama na kutetemeka. Bata wa aina hiyo asiachwe ndani ya maji marefu. Apewe karai lenye maji safi yanayofunika kichwa, kwa muda mfupi kila siku, akauke mahali pakavu, na mara nyingi hali hurejea taratibu, hasa baada ya manyoya mapya kuota.

*Mwite daktari* ikiwa tezi ya mkiani imevimba, imekuwa nyekundu au inatoa usaha, na ikiwa manyoya mapya yanaota yakiwa yamepinda, yamebanwa au yana damu ndani. Kwa kasuku, manyoya ya namna hiyo yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa virusi unaoambukiza, na hadi vipimo vitakapotoka ndege huyo atengwe, pamoja na bakuli lake la kuogea.

Dalili: anajikuna bila kupumzika au anajinyonyoa

Ngozi kavu ndiyo ya kwanza kuchunguzwa, hasa katika chumba chenye kiyoyozi au hita. Mnyunyizie maji kila siku kwa wiki 2 na uangalie mabadiliko.

Pasipo nafuu, tafuta utitiri. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za kizimba na viungo vya vijiti, na kutoka usiku kunyonya damu. Funika kizimba kwa kitambaa cheupe jioni, na kabla ya mapambazuko ukigeuze umulike kwa tochi: vidoa vyekundu au vya kahawia vinavyotembea, vidogo kama ncha ya kalamu, ndio wenyewe. Kuoga hakutauondoa utitiri huu, kwa kuwa hauishi juu ya ndege. Choma au tupa vijiti vya mbao vyenye nyufa, osha kizimba chote kwa maji ya moto, na dawa ichaguliwe na daktari, si kubahatisha ile ya mbwa au ya ng'ombe. Chawa ni tofauti, hao hukaa juu ya ndege na huonekana mchana ukifunua manyoya chini ya bawa.

Upweke na uchovu wa kukaa bila shughuli huwafanya kasuku wengi wajinyonyoe, lakini uamuzi huo uje mwisho, baada ya maradhi kuondolewa kwenye orodha. Ndege aliyejijeruhi hadi damu asisubirishwe.

Dalili: ndege ameloa chepechepe, anatetemeka, hawezi kuruka

Mara nyingi ametumbukia kwenye chombo kirefu au ameoga jioni. Mweke kwenye boksi lenye matundu na kitambaa kikavu, mahali penye joto la wastani na giza kidogo, usimlishe wala kumnywesha kwa nguvu. Usitumie mashine ya kukaushia nywele. Joto lake huunguza, na baadhi yake zina sehemu zilizopakwa ile plastiki isiyogandisha ya kwenye vikaango, ambayo mvuke wake ikipata joto kali huwaua ndege. Kwa kawaida atachangamka ndani ya saa chache. Ikiwa kilichomlowesha ni mafuta ya mashine, rangi au gundi, usimwoshe mwenyewe. Mzuie asijichane kwa mdomo kwa kumfunika kwa kitambaa chepesi, na umfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Dalili: ndege wanaugua au wanakufa karibu na beseni

Hapa hakuna ukaguzi wa polepole. Mwaga maji sasa hivi, uondoe beseni pamoja na vyombo vya chakula vilivyo karibu nalo, ndipo uchunguze.

Tazama mdomo na koo. Ndege anayemeza kwa taabu, anayetoa mate, mwenye manyoya yaliyoloa kuzunguka mdomo na utando wa manjano kama jibini ndani yake, huenda ana vidonda vya koo vinavyosababishwa na kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae. Njiwa na hua ndio wanaokibeba zaidi, na nchini Uingereza tangu mwaka 2005 kimewaua chiriku wengi wa kijani. Huenea kwa mate, na beseni la pamoja ni njia yake nyepesi: mgonjwa anajaribu kunywa, maji yanarudi, na anayefuata anayachukua. Niliwahi kuwa na njiwa dume aliyekuwa akisimama kwenye maji mdomo ukiwa umezama, bila kumeza chochote, nami nikadhani anajipoza na joto. Kilichokuwa kooni mwake nilikiona siku ya tatu, nilipomfungua mdomo, na kufikia hapo wawili wengine walishaambukizwa.

Kuhara, ulegevu na manyoya yaliyovimbishwa huweza kuashiria salmonela, bakteria ambayo hutoka kwenye kinyesi. Vinundu vyenye magamba kuzunguka macho na miguu huelekea kwenye ndui ya ndege. Kutofautisha magonjwa haya kwa macho peke yake si kazi ya mfugaji, na kumwaga antibayotiki kwenye maji kwa kukisia humnyima daktari nafasi ya kujua ukweli.

Vaa glavu, mwondoe aliyekufa bila kumgusa kwa mikono mitupu, na unawe kwa sabuni. Kinyesi kilichokauka kiloweshwe kwanza kabla ya kufagiliwa, kwani vumbi lake, hasa la kasuku na njiwa, huweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa mapafu; ukipata homa na kikohozi katika wiki zinazofuata, mwambie daktari wako wazi kwamba unafuga ndege. Wakifa kadhaa kwa pamoja, au ukiona bata na kuku wanaanguka ghafla, usile nyama yao, usiwauze, usiwahamishe. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo, kwa sababu mafua ya ndege hujitokeza hivyo.

Beseni lililoondolewa lisafishwe kwa klorini kama nilivyoeleza, likaushwe, likae bila maji kwa wiki 2 au zaidi, mpaka pasionekane mgonjwa tena. Ndege wa porini watatawanyika kutafuta maji kwingine, na kutawanyika huko kunapunguza maambukizi. Ukilirudisha, lijaze kidogo, na asubuhi za mwanzo keti mahali ambapo hawatakuona, utazame koo la kila anayeinama kunywa kama linapanda na kushuka.